Mbwa Asiye na Kovu

Kalama alipomaliza kumfukia mbwa wake Watajua, hakuwa na nguvu hata ya kukung'uta jembe. Alilitupa kando ya mihogo akaketi papo hapo juu ya udongo aliokuwa ameushindilia, jambo ambalo marehemu babake angemkemea kwalo, maana kaburi ni kaburi hata likiwa la mbwa. Hakujali. Mwaka huo pekee alikuwa amezika mbwa watatu mahali hapo, wote wakali, wote wamepasuliwa tumbo na ngiri, na wote alikuwa amejaribu kuwashona kwa uzi wa gunia kabla hawajakata roho. Mikono ilikuwa imechoka. Moyo ulikuwa umechoka zaidi, lakini hilo hakumwambia mtu.

Mkewe Truphena alikuja akasimama karibu, mikono kiunoni, akimtazama mbwa jike wa manjano aliyelala kivulini.

"Na huyu unamzika lini, Baba Nyevu?"

Jike yule aliitwa Tumezoea. Pale kwao Tarasaa jina la mbwa ni ujumbe kwa majirani, na Watajua lilikuwa limemlenga Changawa wa shamba la pili, ambaye naye dume lake aliliita Mtaisoma ili kulipa deni. Tumezoea halikumlenga yeyote. Kalama alimpa jina hilo mwaka wa mafuriko, siku ambayo hakuwa na hamu ya kumchokoza mtu.

"Mbegu ya mahindi iko kwenye debe," Truphena aliendelea, "na humo itakaa. Mimi nimepanda, ngiri wamevuna. Nimepanda mihogo, wamechimba. Nionyeshe mbwa mmoja tu ambaye hutamzika, nitapanda. La sivyo masika yakiingia narudi Ganze kwa kaka yangu, na wewe ubaki hapa na makaburi yako."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtia Kalama hofu. Mwanamke akigomba bado ana matumaini. Truphena alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kisha akaenda zake kuteka maji.

Basi yote yakabaki kwa Tumezoea. Jike huyo alikuwa ameingia joto juzi, na joto la mbwa halimngojei mtu apumzike. Lazima apandwe na dume la kuaminika, na kwa Kalama dume la kuaminika lilikuwa na alama zake: shingo nene, taya pana, na makovu. Hasa makovu. Mbwa asiye na kovu alimwona kama askari ambaye hajawahi kutoka nje ya kambi. Kwa kipimo hicho hakuna aliyemshinda Mtaisoma, ambaye uso wake ulikuwa umechanika hata hujui mdomo unaanzia wapi.

Watoto wa mbwa nao walikuwa na mtihani wao. Wakifika miezi miwili, Kalama alitoa ngozi kuukuu ya ngiri aliyoiweka juu ya dari, akaifunga kamba, akaiburuta uani. Mtoto aliyeirukia na kuing'ata alibaki. Aliyerudi nyuma akasimama mbali kubweka alikuwa mwoga, na mwoga alipewa mwendesha boda yeyote aliyekuwa akienda Garsen, amgawe kwa atakayemtaka. Mtihani ulitoka kwa babake, na babake alitoka nao kusini. Kalama hakuwahi kuuliza kama ulikuwa mzuri. Ulikuwepo tu, kama jembe na kinu.

Jioni hiyo, walipokuwa wakila, Truphena alileta neno.

"Pale Garsen kuna mama anaitwa Mwanaarusi, huuza ndizi. Mumewe ana shamba kando ya mto. Anasema mbwa wao ni yule yule tangu mjukuu wao wa kwanza azaliwe, na sasa mjukuu yuko shule. Ngiri hawali kwao."

"Mumewe nani?"

"Mzee Mahmud. Mpokomo wa juu, wa huko Hola."

Kalama alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mwislamu! Mbwa hata hamgusi, atajua nini juu ya mbwa?"

"Wewe unayewagusa," Truphena alisema, "umebaki na wangapi?"

Kesho yake Kalama alipanda boda, Tumezoea ndani ya gunia mapajani, kichwa nje. Alikwenda ili mkewe asiseme hakwenda. Aliazimia akirudi apitie moja kwa moja kwa Changawa. Mwendesha boda alilalamika njia nzima kwamba akiumwa atadai matibabu.

Alishuka Garsen akaelekea mtoni kwa miguu, akimvuta jike kwa kamba. Alipoukaribia mpaka wa mahindi, mbwa alitokea mbele yake. Dume la kahawia, si kubwa, mdomo umeanza mvi. Lilisimama umbali wa fimbo, likabweka. Kalama alipiga hatua, likarudi nyuma hatua moja, likabweka. Alienda kushoto, lilikuwa kushoto. Aliokota kijiti akakirusha, likakwepa na kurudi pale pale. Halikuonyesha nia ya kuuma wala ya kumpisha, na halikumtazama hata Tumezoea na joto lake. Jua lilikuwa kali. Kalama alisimama akitukana kimoyomoyo mpaka mzee mmoja aliyevaa kikoi alipokuja pole pole kupitia kwenye migomba, akasema, "Wewe, basi," na mbwa akanyamaza.

"Jina lake nani?" Kalama aliuliza baada ya salamu.

"Hana. Mimi namwita wewe, naye anakuja." Mzee Mahmud alitabasamu. "Hakai nyumbani. Analala hapa shambani, sufuria yake ile pale chini ya mgomba. Yeye ana kazi yake, mimi nina swala yangu."

Kalama alimzunguka yule mbwa kwa macho, jinsi wafanyavyo wanunuzi wa ng'ombe mnadani. Shingo nyembamba. Taya la kawaida. Ngozi safi toka puani hadi mkiani, hakuna hata mkwaruzo.

"Mzee, usikasirike. Huyu hajawahi kupigana."

"Kweli," Mahmud alisema. "Hajawahi."

Kalama alihisi safari nzima imekuwa bure. Angeondoka wakati huo huo, lakini mzee alimkaribisha uji, na miguu yake ilikubali kabla yake. Walikaa kwenye kibanda cha makuti wakazungumza habari za mto, wafugaji na bei ya mbolea.

Ngiri walitokea alasiri. Dume moja lenye pembe za kupinda na majike mawili walitoka vichakani mkia juu, wakaelekea kwenye mahindi kama watu walioalikwa. Kalama alinyanyuka kutafuta rungu. Mahmud alimshika mkono akamketisha.

Mbwa aliamka akajinyoosha, akazunguka kwa nyuma bila kelele. Alipofika kati ya ngiri na mahindi, alisimama umbali wa fimbo, akaanza kubweka. Majike yalitimua mbio. Dume liliinamisha kichwa likamvamia, na mbwa akarudi nyuma kiasi kile kile tu cha kuiacha pembe ipite hewani. Kisha akawa yuko matakoni mwa ngiri, anabweka. Ngiri akageuka, mbwa akahama. Hakung'ata hata mara moja. Wakaendelea hivyo mpaka ngiri akaanza kutoa povu mdomoni, akasimama akihema, akageuza kichwa akarudi alikotoka kwa mwendo wa mtu aliyeaibishwa. Mbwa alimsindikiza hadi vichakani. Halafu alirudi akanywa maji kwenye sufuria yake na kulala.

Kalama aliwakumbuka Watajua na wenzake wakirukia koo la ngiri huku yeye akiwashangilia kwa sauti ya juu, kisha yeye huyo huyo akikimbilia sindano. Huo ndio aliokuwa akiuita ujasiri.

Alimfuata mbwa pale alipolala akainama amtazame vizuri. Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa ncha. Watu wengi hukata masikio ya mbwa, lakini hukata wima. Hili lilikatwa mshazari, kuelekea nyuma, kama anavyokata mtu anayetumia mkono wa kushoto. Kalama aliutazama mkono wake wa kushoto, ule aliowakatia masikio watoto wote wa mbwa waliozaliwa kwake.

"Mzee," alisema, "huyu ulimtoa wapi?"

"Mnadani Garsen, miaka saba imepita. Kijana wa boda alikuwa akimgawa bure na hakuna aliyemtaka. Wauza mbuzi walikuwa wanampiga mateke, nikamwonea huruma. Kijana akaniambia kuna bwana Tarasaa ana mbwa wakali sana, huyu amemtupa kwa sababu ni mwoga."

Kalama aliketi chini kwenye udongo. Angeweza kunyamaza, maana Mahmud hakujua lolote, na jike angepandwa vile vile. Lakini alikuwa amechoka, na kuficha kitu nako ni kazi.

"Bwana huyo ni mimi."

Mahmud alimtazama, akamtazama mbwa, akamtazama tena Kalama. Hakucheka. "Basi wewe si mgeni hapa," alisema hatimaye. "Ngoja nikuletee chai."

Alipokuwa peke yake, Kalama aliwakumbuka wote aliowatoa kwa boda, mmoja mmoja, na hakuweza kuwamaliza. Miaka yote hiyo alikuwa ameukata ukoo ule kwa mkono wake, akiwagawa waliojua kazi na kubaki na waliojua kufa. Alipeleka mkono amguse yule mbwa kichwani, na mbwa akainuka bila haraka, akaenda kulala umbali wa fimbo.

Tumezoea aliachwa kwa Mahmud siku nne. Kwa hesabu ya Kalama, yule dume alikuwa ndugu wa bibi yake, na huo ni undugu ambao wafugaji huuvumilia. Walikubaliana kwa desturi inayojulikana na kila mwenye dume: watoto wakishaachishwa kunyonya, yeye huchagua kwanza, na chaguo lake halipingwi. Kalama alilikubali hilo bila kulifikiria.

Alilifikiria baadaye, masika yalipokuwa yakikusanya mawingu. Tumezoea alikuwa amezaa watoto watano. Truphena alikuwa amekwisha kukunja nguo zake kwenye begi, na begi lilikaa mlangoni, debe la mbegu pembeni yake. Asubuhi ambayo Mahmud alitarajiwa, Kalama aliishusha ile ngozi kutoka darini, akaifunga kamba, akaiburuta uani mbele ya mkewe.

Wanne walirukia wakaing'ang'ania, wakivutana na kunguruma. Zamani angepiga makofi. Wa tano, kajike kadogo ka kahawia, kalirudi nyuma, kakasimama, kakabweka. Ngozi ilipoelekea kwake kakahama. Ngozi ilipopita kakaifuata kwa nyuma, kakabweka tena.

"Ni huyo tu?" Truphena aliuliza.

"Ni huyo tu."

Wote wawili walielewa. Mzee Mahmud ndiye mwenye kuchagua, na mzee Mahmud si mjinga. Kalama aliwaza kukaficha kale kajike jikoni. Aliwaza, na alijichukia kwa kuwaza, lakini mzee alikuwa tayari akipiga hodi.

Mahmud alikaribishwa kiti na maji. Aliomba ngozi iburutwe tena, na Kalama akaiburuta, mikono mizito. Mzee aliwatazama wale wanne kwa muda mfupi. Kajike alikatazama sana, mpaka Truphena akageuza uso wake upande wa begi.

"Dume langu limezeeka," Mahmud alisema. "Msimu huu nilimwona mara mbili akichelewa kukwepa. Huyu angenifaa kweli."

"Ni haki yako, mzee," Kalama alisema. Ilimtoka kwa shida, lakini ilitoka. "Mchukue."

Mahmud alishika magoti yake akainuka.

"Mimi wa kwangu ulishanipa, bwana Kalama. Miaka saba iliyopita." Akajifunga kikoi vizuri. "Huyu akizaa, utanikumbuka. Sasa nionyeshe njia fupi, jua linapanda."

Kalama alimsindikiza hadi barabarani na hakuweza kumwambia asante. Mzee, kwa ungwana wake, alizungumza habari za mvua tu. Aliporudi, begi halikuwepo mlangoni. Truphena alikuwa ameketi juu ya kinu, akichagua mbegu kwenye ungo na kutupa zilizotobolewa na wadudu.

"Nitapanda nusu," alisema bila kuinua kichwa. "Ile ya karibu na nyumba, nitaichunga mwenyewe kwa kugonga debe. Nusu nyingine mpaka huyo akue."

"Sawa, Mama Nyevu."

Kalama aliikunja ile ngozi ya ngiri akaitia motoni, ikanuka ua mzima. Kisha akachutama, akanyoosha mkono wa kushoto, akaita. Kajike kalimtazama, kakarudi nyuma umbali wa fimbo, kakaanza kumbwekea. Kalama aliketi chini akakaacha kabweke.