Kiraka cha Sketi ya Mwalimu

Mwalimu alirudi na sketi yake, akaigeuza nyuma mbele pale mlangoni.

"Bibi, mbona umenitangazia msiba makalioni?"

Sketi ilikuwa ya bluu iliyokoza. Kiraka nilichokishona mwenyewe, mishono midogo kama ufuta, kilikuwa cheusi kama masizi.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, akachungulia kutoka jikoni. "Si nilisema? Macho yamechoka, mama. Hiyo cherehani tuiweke stoo, upumzike."

Stoo! Mimi nikae siku nzima nihesabu nzi?

Nikaanza kuikumbuka siku ile ya kushona. Nilikata kipande cha bluu, nikaenda kuoga, ndipo nikarudi kushona. Nani alibaki chumbani na kile kipande? Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwalimu alipoiacha sketi akaondoka, nikamwita mkwe kwa sauti ya asali. "Njoo mwanangu, wewe mwenye macho mapya. Nichagulie kipande cha bluu."

Akaja, akainamia kikapu cha vipande chini ya taa. Pazia lilikuwa limeshushwa kama kawaida, wapita njia wasituchungulie. Nikavikodolea macho vidole vyake, nione ataficha nini. Akapapasa, akalinganisha na sketi, akachomoa kimoja.

"Hiki hapa. Pacha wake."

"Una hakika?"

"Mama, nawe! Bluu tupu."

Nikamshika kiwiko mpaka nje, juani. Kipande kikawa cheusi tii. Akakigeuza upande wa pili, kikabaki cheusi.

"Haki ya Mungu, mle ndani kilikuwa sawa na sketi!"

Tukarudi ndani, kweli kikawa sawa. Tukatoka tena, kikakataa. Ndipo nikainua macho kwenye dari. Taa mpya, ya manjano kama kiini cha yai. Chini yake bluu na nyeusi zilikuwa dugu moja.

"Nani aliiweka hii?"

"Mwanao."

"Kwa kuambiwa na nani?"

Akaona haya. "Na mimi. Ile nyeupe ilikuwa inakutoa machozi."

Nikamtazama sana. Huruma ina sura nyingi. Yeye hakungoja nimalize kumtazama, alikwisha kuinamia cherehani.

"Shika huko, mama. Uzito niachie mimi."

"Unaipeleka wapi?"

"Dirishani! Pazia nalitoa. Wakitaka kuchungulia, wachungulie."

Sikuachia upande wangu mpaka miguu ya cherehani ilipotua chini ya dirisha.