Kwaya Inayoshuka Kwaresima

Mwalimu Filemon wa kwaya yetu alipomwambia shangazi yangu Flavia, mbele ya waimbaji wote, kwamba kuanzia Pasaka atakaa na waumini wengine, si kwenye kwaya, nilitaka kumrushia kitabu cha nyimbo. Nina hasira za karibu, nyumbani wanajua. Shangazi akanikanyaga mguu, akasema asante mwalimu, na tukarudi nyumbani kwa njia ya migombani. Ameimba sauti ya kwanza hapa kigangoni Masama tangu kabla sijazaliwa. Hana kingine anachokipenda hivyo, hata kahawa yake.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Wakati wa Kwaresima kigango chetu hufunga kinanda, kwaya ikaimba kavu, bila ala yoyote. Wimbo wa komunyo wenye beti tano ukiisha, mwalimu hubonyeza kinanda kidogo kupima, akakuta wameshuka chini ya sauti waliyoanzia. Mwaka huu alikata shauri kwamba anayewavuta chini ni Flavia, sikio limezeeka.

Mimi nasoma shahada ya pili ya hisabati, na utafiti wangu unahusu kwaya zinazoimba bila ala. Niliuchukua wimbo ule nikakaa nao jikoni Jumamosi nzima, shangazi akimenya ndizi za mtori. Sauti mbili zikipatana barabara, mitetemo yake hukaa kwenye uwiano wa namba ndogo: tatu kwa mbili, tano kwa nne. Kinanda hupunja kila sauti kidogo ili hesabu ifunge. Watu wenye sikio zuri hawapunji. Nilizidisha hatua kwa hatua hadi mwisho wa ubeti, na pale wimbo ulipotakiwa kurudi kwenye mitetemo themanini na moja, ulirudi kwenye themanini. Kwa beti tano, hiyo ni karibu nusu toni. Walikuwa wanashuka kwa sababu wanaimba vizuri.

Siku ya mazoezi nilimwamkia mwalimu shikamoo kwa adabu yote niliyobakiza, nikamwomba waimbe bila Flavia. Nikamtajia kabisa watakapoangukia. Alicheka, akasema haya, msomi. Shangazi akaenda kukaa benchi la nyuma. Niliogopa sana, maana wasiposhuka, mimi ndiye nitakuwa nimemtoa kwenye kwaya, tena kwa ushahidi.

Waliimba vizuri mno. Mwalimu akabonyeza kinanda. Nusu toni chini. Akabonyeza tena, akaniomba nimwonyeshe hesabu, nami nikamwonyesha mpaka akaielewa.

"Sasa dawa yake nini?" aliuliza.

Nilimwambia ni mbili tu: wafungue kinanda, au waimbe vibaya kidogo.

Alifunika kinanda. "Acha washuke," alisema, kisha akageukia nyuma. "Dada Flavia, njoo. Nilikukosea mbele ya hawa, na mbele ya hawa hawa nakuomba radhi."

Shangazi aliinuka benchini. Alitembea hadi mahali pake safu ya mbele, akasimama akingoja apewe sauti ya kuanzia. Mimi machozi yalinitoka bila aibu. Waliimba beti zote tano, wakashuka wote pamoja.