Glasi Tatu za Sanamaki

Siku ya tano hiyo Tajisiri hajapata choo, na alasiri ileile alikuwa anaoa. Lawama zote ziiendee hina. Kwetu Sudani bwana harusi hupakwa hina mikono na miguu, akalazwa kitandani, na kila shangazi anayepita humsukumia bakuli la asida, ugali wetu, na nyama. Mtu ana hina mpaka vifundoni, chooni ataendaje? Akajizuia siku ya kwanza, akajizuia ya pili. Ya tatu hina ikakauka, akaenda mwenyewe, akachuchumaa wee mpaka miguu ikafa ganzi. Wapi!

Alfajiri ya harusi akamnong'oneza bibi yake, Bibi Madina.

"Bibi, nisitiri. Tumbo limekuwa jiwe."

"Siku ngapi?"

"Tano."

"Tano! Wewe umebeba harusi au mimba?"

Bibi akachuma sanamaki, majani ya kuendesha tumbo, nyuma ya nyumba, inakoota bure, akaichemsha na kumpa glasi. "Ni hii moja tu. Itafanya kazi ikitaka yenyewe. Subiri."

Hakusubiri. Saa mbili akamlilia shangazi yake Sakina, akapewa glasi nyingine. Saa nne akamlilia mama yake, akapewa ya tatu. Kila mmoja Tajisiri alimwapisha asimwambie mtu, na ajabu ya Mungu, wanawake watatu wa nyumba moja wakatunza siri siku moja!

Sasa, Tajisiri alikuwa na tatizo jingine lisilohitaji majani. Mchumba wake, Sittana, alikuwa mwalimu mjini Atbara, na hakutaka kuiacha kazi yake. Mama mtu alitaka mkwe akae kijijini, akande unga. Sittana akiuliza, Tajisiri alijibu, "Tutaona." Mama akisema, alijibu, "Hewala, Mama." Miezi minane mwanamume mzima anaishi hivyo! Mwishowe akaamua maziwa yamwamulie. Siku ya harusi maharusi hujaza maziwa mdomoni na kupuliziana, na anayetangulia ndiye mwenye kauli nyumbani. Akitangulia Sittana, yeye atamwambia mama yake, "Si mimi, ni maziwa."

Alasiri wakakalishwa kitandani mbele ya watu, wakafungwa kila mmoja uzi mwekundu wa hariri mkononi. Hapo hakuna kuinuka mpaka wote wawili wapulize maziwa. Akiinuka kabla, wajukuu zake watakuja kusimuliwa.

Tumbo likanguruma. Sittana akageuka.

"Nini hiyo?"

"Ngoma."

"Ngoma bado hazijapigwa."

Likanguruma tena, safari hii na mambo yake. Jasho likamtoka Tajisiri mpaka kwenye kope.

"Sittana, nakuomba, maziwa yakija pulizia upesi."

"Una nini wewe?"

"Sanamaki."

"Kiasi gani?"

"Glasi tatu."

Sittana akajifunika uso kwa nguo yake, mabega yakimtikisika. Wageni wakadhani analia, wakampigia vigelegele. Bibi Madina akaleta bakuli. Tajisiri akaupanua mdomo kama kifaranga. Sittana akaufumba wake.

"Piga funda, mama wee!"

"Miezi minane unaniambia tutaona. Mimi nimekaa hapa, nataka kuona."

"Utafundisha! Wallahi utafundisha!"

"Usiniambie mimi. Mwambie yule pale."

Yule pale alikuwa mama yake, amekaa mstari wa mbele, mikono kifuani. Tangu azaliwe Tajisiri hajawahi kumpinga hata kwa chumvi ya mchuzi. Alimwogopa kweli. Lakini tumbo lilijipindua, akaona kabisa aibu iliyokuwa ikija.

"Mama!" akapaza sauti. "Sittana haachi kazi! Tunahamia Atbara! Usimlaumu yeye, nimetaka mimi!"

Sittana akapiga funda, akampulizia usoni. Tajisiri naye akapiga lake, akalipuliza popote, akaruka kitandani, akapasua katikati ya wageni na kanzu yake imekunjwa mpaka magotini. Wengine wakasema ni furaha.

Kilichotokea chooni hakielezeki mbele za watu. Alikuwa bado humo, analia kwa raha, aliposikia nyayo nje ya ukuta wa udongo.

"Tajisiri."

"Mama, jamani, hata humu?"

"Maneno yale umesema wewe au imesema sanamaki?"

Mlango wa kutokea huo, kafunguliwa na mama mwenyewe. Angesema ni dawa, yangeisha palepale, watu wangecheka na Sittana angekanda unga. Akauangalia uzi mwekundu mkononi.

"Nimesema mimi, Mama."

Mama akauegemea ukuta kwa nje.

"Baba yako hakuwahi kunisemea hivyo kwa mama yake," akasema. "Hata angenyweshwa glasi kumi."