Unga wa Mtama Kaburini

Brigita alimwuza Romana, jamani, tena mchana kweupe. Wala hawakuwa majirani tu hao. Walichezwa unyago kibanda kimoja, wakabatizwa siku moja, wakaolewa masika moja. Kule milimani Kipatimu, ukimtafuta mmoja ulimwulizia mwenziwe.

Mwaka huo, enzi za Mwingereza, mvua iligoma. Mtama ulikaukia shambani. Lukas, mume wa Romana, alikuwa kwenye mkonge huko Lindi, na barua hakuna. Romana ndiye aliyeongoza rozari kanisani kila jioni, lakini moyo ulikuwa umemchoka. Alisali kama mtu anayetwanga pumba.

Ndipo Brigita akamjia na unga kwenye kitunga.

"Mwenzangu, twende tukatambike kwa bibi yako. Wazee walifanya, mvua ikanya. Mungu hatakasirikia konzi mbili za unga."

Romana alisita, akaenda. Unga aliusaga Brigita. Romana, mjukuu wa marehemu, akaumwaga kaburini. Wakaomba wote wawili, wakarudi.

Jumapili Mwalimu Gregori, katekista, akasimama mbele ya watu. Romana ametambika, akasema. Basi atakaa nje ya mlango mpaka Padre aje kwa Pasaka. Rozari ataongoza Brigita.

"Nani kakwambia, Mwalimu?"

"Brigita mwenyewe. Anasema alikuzuia, ukamsukuma ukaenda peke yako."

Alimzuia! Romana akamtazama mwenziwe. Brigita akaweka sawa kitambaa cha kichwani, hana hata mshipa wa aibu. Angepigwa kofi na mtu baki, Romana angevumilia. Hili lilimchoma mpaka kwenye maini.

Kwaresima nzima alikaa nje juani, akiisikia sauti ya Brigita ikijipamba kwenye Salamu Maria. Hakusali. Alipanga tu maneno ya kumwambia Padre: naye alikuwepo, unga ni wake, shauri ni lake. Mungu naye, Romana alimwambia wazi, "Nawe uko upande wao."

Ijumaa Kuu Gregori alisoma Mateso. Romana alikuwa ameyasikia tangu utotoni, ila siku hiyo yalimwingia. Aliyemsaliti Bwana alikula naye bakuli moja, akaja na busu. Si askari, si mgeni. Rafiki!

"Kumbe nawe!" Romana akamwambia Bwana kwa sauti, hata walio karibu na mlango wakageuka. "Kumbe unajua!"

Akalia kwa kwikwi, na katika kilio hicho akasali kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kaburini kwa bibi, sala isiyo na neno hata moja. Alipoinuka alijisikia mwepesi, mtu mwenye Mwenziwe. Hasira ilikuwepo bado, sikudanganyi, lakini haikumwendesha tena.

Jumamosi Padre alifika kutoka misheni, akaungamisha. Maneno yale ya siku arobaini yalimfika Romana ulimini. Akayameza, akaungama yake tu.

Asubuhi ya Pasaka walijikuta wamepiga magoti bega kwa bega, wakingoja Komunyo. Brigita akamwinamia.

"Umenitaja?" akanong'ona.

"Sikukutaja. Nimekusamehe, Brigita, ingawa roho inaniuma mpaka sasa. Lakini la kwako liungame mwenyewe."

Padre akafika na hostia. Romana akafumbua kinywa, akapokea. Brigita akafumba chake, akatikisa kichwa huku machozi yakimtoka, na Padre akampita.