Mtu Hashuki Bila Sweta

Mimi sijifichi. Nina wivu, na Endagikot nzima, kwetu Mbulu, inajua. Mume wangu Bonaventura alinioa akijua, na mama yake alimwonya mbele yangu. Kwa hiyo mtu asije kuniambia eti ningenyamaza siku ile mnadani, Agatha muuza mitumba alipomshika mume wangu mabega yote mawili na kumgeuza ampime shati.

"Geuka hivi, shemeji," alimwambia. "Hili linakubana kwapani. Kule Tanga kwapa likibanwa kutwa, jioni limechubuka."

Shemeji wa wapi? Mimi sina dada anayeitwa Agatha, na Bonaventura hana kaka aliyemwoa. Lakini yeye aligeuka, tena kwa adabu, kama mtoto anayepimwa sare ya shule.

Bonaventura alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano kule Hanang. Mashamba yakasimama, mashine zikauzwa, mafundi wakaambiwa asanteni. Ndiyo kwanza tulikuwa tunazoea kuitwa mkoa wa Manyara, na watu wakasema subirini, sasa ofisi zitajaa Babati na kazi zitamwagika. Tukasubiri. Kazi ya mume wangu ikatokea Tanga, kwa mtu mwenye malori aliyetaka fundi wa injini. Angeondoka mwisho wa Februari. Mimi ningebaki na shamba, ng'ombe wawili na binti yetu Paskalina, aliyekuwa na miaka mitatu.

Agatha alikuwa ameishi Tanga miaka tisa. Alirudi Mbulu peke yake, akaanza kuuza mitumba, na mtu yeyote wa kwetu aliyepata safari ya pwani alipitia kwake kwanza kuulizia mavazi. Ndivyo alivyompata mume wangu.

Alimfundisha hivi: kule hewa yenyewe imelowa. Nailoni na tetroni zinakung'ang'ania mgongoni, jasho halina pa kutokea. Vaa pamba tupu. Usibebe kitu kizito, maana ukikifua Jumatatu, Jumatano bado kinanuka. Usibebe nguo nyingi, maana zikikaa sandukuni zinaota ukungu. Beba chache, fua kila siku, na shati lolote likubali suruali yoyote. Shati likikataa suruali moja tu, hilo halipandi gari.

Bonaventura alirudi nyumbani na maneno hayo akiyakariri. Akamwaga nguo zake zote kitandani, akaanza kuchambua. Suti ya harusi yetu aliiweka pembeni. Suruali nzito za kaki nazo pembeni. Kisha akachukua lile shati la njano lenye kola kubwa, ambalo nilikuwa nimemwambia miaka sita kwamba ni baya, na miaka sita alikuwa ananijibu kwamba sijui mitindo. Akalikunja, akampa mdogo wake Sulle.

"Leo limekuwaje?" nikamuuliza.

"Agatha anasema halioani na kitu."

Roho ilinichoma. Mwanamke anasema mara moja, shati linatoka. Mimi nimesema mpaka koo limekauka.

Lakini hilo la shati ningelimeza. Kilichonishinda ni sweta. Kitandani yalibaki mashati matano mepesi, meupe na ya bluu, suruali tatu, kaptura na kikoi. Sweta la kijivu nililomfumia kwa mikono yangu lilikuwa kwenye lundo la kuachwa.

"Umelisahau sweta," nikasema.

"Sijalisahau. Sufu haiwezi unyevu wa kule."

Sasa mgeni hataelewa kwa nini nilikaa chini. Kwetu huku juu kwenye baridi mtu hashuki bila sweta. Hata anayeshuka Magugu asubuhi kuuza vitunguu saumu na kurudi jioni, sweta analibeba. Huko chini atatokwa na jasho, watu wa bondeni watamcheka, lakini analo. Sweta si la kushukia, ni la kupandia, maana gari likianza kupanda ule ukingo wa bonde jioni, upepo wake hauna huruma. Anayeshuka bila sweta, wanaomsindikiza wanatazamana tu. Margwe wa Nambis alishuka na fulana, akasema anakwenda Moshi mara moja kumwona mjomba. Mkewe amezeeka akimngoja.

"Kwa hiyo hupandi tena," nikamwambia.

"Mama Paskalina, ni nguo tu."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka. Sema ukweli. Yule mwanamke anakufuata Tanga?"

Akacheka. Mtu mwenye akili hacheki akiulizwa swali kama hilo na mimi. Nilimwinjikia chai bila sukari siku mbili.

Siku ya tatu akaja na jingine. Agatha alikuwa anapeleka mitumba yake kwenye soko la Magugu Alhamisi, na alimwambia ashuke na nguo zake za safari, azivae kutwa. Mbulu kuna baridi, alisema, na kwenye baridi kila nguo ni nzuri. Nguo itakayomshinda Magugu itamshinda na Tanga, basi bora aijue mapema. Maneno yenyewe yalikuwa ya maana, na hilo liliniudhi zaidi.

"Vizuri," nikasema. "Tunakwenda wote."

Paskalina nilimwacha kwa bibi yake. Nilivaa gauni langu la kitenge lenye bitana, kitenge kingine kiunoni, kilemba, viatu vya kufunika, na sweta juu. Nilitaka Magugu waone mke ni yupi.

Magugu walikuwa na maji mashambani, mpunga umesimama, na mvuke unatoka chini kama sufuria imefunuliwa. Kufika saa nne nilikuwa nimelowa mpaka soksi. Agatha alitandika turubai, akafungua belo, na mume wangu akamsaidia kutundika nguo kwenye kamba. Alikuwa amevaa shati la bluu la pamba. Lililowa mgongoni, upepo ukapita, likakauka. Alipendeza, siwezi kusema uongo. Walikuwa wanapokezana nguo na vibanio bila kusemezana, kama watu waliofanya kazi pamoja miaka, na nilichukia kile kimya chao kuliko maneno.

Mimi nilikaa juu ya mzigo, nikawatazama.

"Vua sweta, mama," Agatha akaniambia.

"Sivui."

"Unamkomoa nani?"

"Wewe."

Hakukasirika. Akamwambia Bonaventura akatutafutie soda baridi, na alipoondoka akaja kukaa kando yangu.

"Unadhani namtaka mume wako."

"Sidhani. Naona."

"Basi huoni vizuri. Mimi nampima mtu ili nguo zangu zinunuliwe." Akachukua gauni moja, akaanza kunipepea nalo. "Nimesikia unagombana naye kwa ajili ya sweta. Sikiliza. Mume wangu aliondoka Mbulu na sweta, na koti, na blanketi la mama yake. Mzigo niliufunga mwenyewe. Nilikaa miaka mitatu na moyo mweupe. Nikawa nawaambia watu, mwenye sweta anapanda. Mwaka wa nne nikamfuata."

"Ukamkuta?"

"Nikamkuta, na sweta nikalikuta. Mwanamke wake alikuwa analifutia sakafu."

Kisha nikauliza, maana mimi lazima niulize, "Ukamfanyaje huyo mwanamke?"

"Nilimwambia asilikamue sana, sufu inavutika."

Nilicheka bila kupenda, jasho likaniingia machoni. Agatha hakucheka. Alisema alibaki Tanga kwa sababu hakuwa na nauli, na nauli ilipopatikana hakuwa tena na haraka. "Yeye hakunifukuza," akasema. "Alikuwa ameshazoea nisiwepo. Asiyekuwepo na lake halipo. Wewe kazana na sweta."

Nilimwamini. Lakini msidhani wivu uliondoka. Uliinuka kwa Agatha, ukaenda kukaa kwa mwanamke wa Tanga ambaye simjui jina wala sura, ambaye labda wakati ule alikuwa anasuka nywele, hana habari na mimi. Agatha angalau nilijua nyumba yake. Huyu ningemtafuta wapi? Nikamwona anafua yale mashati matano mepesi. Nikamwona anaanika. Mashati mazuri, yanayooana na kila kitu, tayari kwa mikono yake. Macho yakaanza kuona nyota.

"Sasa utaanguka," Agatha akasema, akanivuta nyuma ya zile nguo zilizotundikwa. Alishika kitenge changu kama pazia, akanivua sweta, kilemba, gauni na bitana yake, bila kuniuliza. Akanivisha lile gauni alilokuwa ananipepea nalo. Lilikuwa la pamba, rangi ya maziwa, lenye maua madogo ya bluu, halina mikono. Upepo mdogo ulipita, nikausikia mwilini mwote. Nilikuwa sijui kwamba kuna upepo Magugu.

Nilipotoka, Bonaventura alikuwa amerudi na chupa tatu za soda. Alisimama nazo. Sikumpa nafasi.

"Baba Paskalina, unanichukua au hunichukui?"

"Wapi?"

"Tanga. Magugu nimeshafika."

Aliziweka chupa chini taratibu. "Wewe ulisema joto la pwani litakuua."

"Nimeulizwa lini? Nilisema kwa hasira. Sasa nauliza, unanichukua?"

"Nimepewa kitanda, sijapewa chumba. Tunalala mafundi wanne. Nikipata chumba nitakuita."

Nitakuita. Nilimtazama Agatha, naye alikuwa anakunja nguo ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. Kila mke wa Mbulu aliyeachwa shambani alianza kwa neno hilo. Sikutaka kulia mbele za watu wa Magugu.

"Hutaniita," nikasema. "Nakuja mwenyewe. Mwezi wa saba, mahindi yakishavunwa. Umepata chumba, hujapata, mimi nakuja."

"Utalala wapi?"

"Humo humo. Mafundi watasogea."

Kando yetu kulikuwa na muuza mchele, mwanaume wa makamo, aliyekuwa amesimama muda wote na bakuli lake mkononi anatusikiliza kama redio. Akaona ni zamu yake.

"Hakuna fundi atakayekataa kusogea," akasema. Akanitazama kuanzia bega mpaka kiwiko. "Dada, hilo gauni limekukaa. Watu wa baridi walikuficha bure."

Nilisema asante kaka, kwa sababu nimelelewa vizuri.

Bonaventura alimtazama yule mtu. Akanitazama mimi. Akatazama mikono yangu, ambayo anaiona kila siku ikikamua ng'ombe, kana kwamba imeletwa asubuhi ile.

"Hilo gauni halina mikono?" akauliza.

"Halina."

"Sweta lako liko wapi?"

"Baba Paskalina, kwenye joto hili?"

"Nauliza tu liko wapi."

Agatha aliinama kwenye belo lake, na mabega yalikuwa yanamtikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mume wangu usoni. Shingo imekaza, taya linacheza, macho yanakwenda kwa muuza mchele na kurudi, yanakwenda na kurudi. Miaka saba ya ndoa sikuwahi kuuona uso ule kwake. Lakini naujua. Ni wangu. Navaa huo kila siku.

"Dada Agatha," nikasema, "nichagulie na mengine. Yaoane. Na hili nalichukua."

"Mikono je?" Agatha akauliza kutoka ndani ya belo.

"Isiwepo. Kule hewa imelowa."

Muuza mchele akasema nimeamua vizuri. Bonaventura akamwambia kaka, wewe uza mchele. Akanishika mkono juu ya kiwiko, pale pale pasipo na kitambaa, akanisogeza upande wa pili wa turubai, mbali na bakuli la yule mtu. Mkono wake ulikuwa wa moto. Akawa anahesabu kitu kichwani.

"Mafundi wale siwajui tabia," akasema mwishowe.

"Utawajua. Mpaka mwezi wa saba utakuwa umewajua vizuri."

"Nitatafuta chumba wiki ya kwanza."

"Tafuta tu, usijichoshe. Mwezi wa saba bado mbali."

"Njoo Pasaka," akasema.

"Na mahindi?"

"Mahindi atavuna Sulle."