Upande wa Pili wa Shuka

Ulimwona. Usijifanye hukumwona. Kila Jumapili ulimpita pale mlangoni mwa kanisa, yule dobi mwenye mikono iliyochubuliwa na sabuni, ukainamisha uso kwenye kitabu cha nyimbo kana kwamba herufi zimekuwa ndogo ghafla. Ulijua anatoka wapi. Ulijua na anakokwenda.

Anakwenda kwa Fundi. Ndiye seremala aliyetengeneza benchi unalokalia, kisha akapanda kuziba paa la kanisa lenu lililokuwa likivuja, akateleza, akaangukia sakafu ya saruji. Miaka minne sasa, kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari. Mke hana, mtoto hana. Dobi si ndugu yake wala si jamaa. Alikuwa akimfulia nguo tu. Siku moja akamkuta amelowa, akamwogesha. Kesho yake akarudi.

Mtu wa hali ile asipogeuzwa mara kwa mara, nyama huoza akiwa hai. Na kumgeuza ni kazi ya watu wawili: shuka inalazwa chini ya mgongo wake, huyu anashika upande huu, yule upande ule, wanainua kwa pamoja. Upande wa pili alikuwa akishika wifi yake dobi. Tangu wifi ahamie kwa mwanawe, dobi anavuta peke yake, na anayevutwa hainuki, anakwaruzwa. Kidonda cha mgongoni kilichokuwa kama kifungo cha shati sasa kinameza ngumi.

"Kikifika mfupani, mama," muuguzi alimwambia bila kuzunguka, "hatutazungumza tena habari za dawa."

Dobi aliitikia kwa kichwa. Zamani angelia. Siku hizi moyo wake umekuwa kama ncha za vidole vyake: choma sindano, hausemi kitu.

Jumapili iliyopita aliitwa mbele. Mchungaji alikuwa amehubiri habari za Bwana aliyejifunga taulo, akapiga magoti, akawaosha wanafunzi wake miguu. Watu walifuta machozi. Kisha mzee wa kanisa akamkabidhi dobi cheti kilichotiwa fremu: Mtumishi wa Mwaka.

"Haya, mama yetu, tupe neno moja," mchungaji akasema.

Dobi akakishika kipaza sauti kama anayeshika kitu cha watu.

"Nahitaji mtu mmoja. Wa kushika shuka upande wa pili. Leo saa kumi. Ni dakika tano tu."

Mtu akakohoa. Mzee wa kanisa akakidaka kipaza sauti.

"Haleluya! Mmeona unyenyekevu huo? Hata siku yake mwenyewe anawaza wengine! Makofi kwa mama, jamani, makofi!"

Wakapiga makofi. Nawe ulipiga. Kumbe mikono ilikuwepo, mia mbili na zaidi, yote mizima.

Saa kumi kasoro robo dobi alimwonyesha Fundi kile cheti. Fundi hakusoma maandishi. Alitazama kona za fremu, akabetua midomo.

"Nani kaunda hii?"

"Sijui, baba."

"Mbao hazijakutana. Upepo unapita humu. Angekuwa mwanafunzi wangu huyu, ningemrudisha kwao na barua ya pole kwa mama yake."

Dobi alijua kwamba hapo ndipo pa kucheka. Akafungua mdomo. Kicheko hakikuja.

"Wanakuja?" Fundi akauliza.

"Wamepiga makofi."

"Aa." Akageuzia uso ukutani. Kichwa bado anakigeuza mwenyewe. "Basi vuta, mwanangu. Mimi sisikii kitu."

"Hata mimi, baba."

Akavuta. Jumatatu akavuta. Jana akavuta, na shuka ikatoka na ngozi. Aliitazama damu ile kama mtu anayetazama doa la kawaida, akawaza ni sabuni gani itakayoitoa.

Leo muuguzi kasema ngozi iliyobaki haitastahimili kuvutwa tena hata mara moja. Saa kumi inakaribia. Dobi ameukunja upindo wa shuka mkononi, mlango kauacha wazi, hajui hata anasubiri nini. Nyumba unaijua: ya tatu kutoka kanisani, yenye mbao zilizorundikwa kibarazani, zinaliwa na mchwa.

Usiniambie utamwombea. Omba ukiwa umeshika shuka. Weka chini karatasi hii, vaa viatu, nenda. Sasa hivi.