Jiwe la Pili la Specioza

Kwenye barabara ya kwenda Mwese, juu kabisa ya mlima wa Kamlenga, kuna lundo la mawe ambalo lilikuwepo kabla ya barabara yenyewe. Msafiri akifika hapo anashuka kwenye gari, anaokota jiwe, analiweka, kisha anateremka mlima kwa miguu huku gari likitangulia bila abiria. Sisi Wabende tumekua tukiambiwa kwamba hapo ndipo wanapopumzika wenye njia, mizimu ya mlima. Wasukuma wanaopitisha ng'ombe huweka majani. Kasimu, muuza mitumba, husimama pembeni na kusoma Fatiha. Na ukipita bila kuweka, iwe kwa ugonjwa au kwa haraka, safari inayofuata unaweka mawe mawili: la leo na la siku ile. Hakuna anayekusimamia. Unajua mwenyewe.

Mume wangu Celestin alikuwa katekista. Wazazi wake walikimbia Burundi wakakaa kambini Katumba, naye akaja Mwese kufundisha dini, akanioa. Alilipenda lile lundo. Aliniambia kwamba huko kwao mama yake hakuwahi kupita kijumba cha Bikira Maria kilichokuwa kando ya barabara bila kuweka ua, hata kama ni ua la boga.

"Ni yale yale, Marta," alisema. "Mtu akiwa njiani anataka kumsalimu mtu kabla hajaendelea."

Kisha aliweka jiwe lake, akafanya ishara ya msalaba, akateremka mlima akipiga mluzi.

Mwaka 1997, mvua zilipoanza kuzidi, alirudi kutoka semina ya makatekista akiwa na mawazo. Walikuwa wameambiwa waachane na mambo ya mawe. "Nitafikiri," aliniambia. Siku chache baadaye akapanda lori la Shadrack kwenda Mpanda mjini. Shadrack alikuwa rafiki yake, ndiye aliyesimamia ndoa yetu. Mdogo wangu Specioza alikaa mbele na dereva. Celestin alikaa nyuma, juu ya magunia ya mahindi. Hapakuwa na abiria mwingine.

Lori lilipinduka kwenye mteremko wa Kamlenga. Celestin alikufa pale pale.

Niliitwa hospitali ya Mpanda, na Specioza ndiye aliyenieleza, mkono wake umefungwa kitambaa.

"Dada, tulisimama. Mimi nikashuka, nikaweka jiwe, nikaanza kutembea. Shemeji akakataa. Akasema yeye haabudu mawe. Akabaki juu ya magunia anacheka. Halafu breki zikakatika."

"Na huo mkono?"

"Nilianguka nikilikimbilia gari."

Shadrack alikuwa amekaa chini, kichwa ameinamisha. "Nilimsihi, shemeji. Nilimsihi sana."

Angesema mtu mwingine ningebisha. Specioza nilimbeba mgongoni akiwa mtoto.

Maneno yakaenea. Pale msibani wanawake walinong'ona kwa sauti niliyotakiwa kuisikia: "Mkimbizi kayachezea mawe ya watu." Nilipoomba kusimamisha msalaba wenye jina lake pale juu, wazee wa kijiji walikataa, na hata kaburini hawakuruhusu. Aliyewadharau wenye njia, walisema, hawezi kuwekwa jirani nao. Kwa hiyo mume wangu akabaki na kaburi lisilo na alama, na barabarani jina lake likabaki la kutishia watoto. Nilihamia Makanyagio, mjini Mpanda. Msalaba wa mninga niliokuwa nimechongesha nikauegemeza ukutani, nyuma ya kitanda.

Baada ya miezi kadhaa Shadrack akamwoa Specioza. Nilipika kwenye harusi yao. Nilijiambia kwamba angalau kuna kitu kimesalimika.

Mwaka ulipotimia, iliandaliwa misa ya kumbukumbu huko Mwese. Wazee waliruhusu msalaba uwekwe kaburini tu, si barabarani. Shadrack akasema atatupeleka. Tangu ajali yeye na Specioza walikuwa wamebaki mjini, hawajaishika tena njia ile hata siku ya mazishi. Tulipanda pamoja na Kasimu na mitumba yake, na Makoye, Msukuma aliyekuwa akiwapelekea ng'ombe wake chumvi.

Juu ya Kamlenga Shadrack akasimamisha gari. Watu wakashuka.

"Makoye," Kasimu akasema, "ng'ombe wako wamekula nyasi zote, sasa hata za kuwekea wenye njia hakuna."

"Basi wewe wape suruali moja. Huku juu kuna baridi."

"Za kwangu za mkopo hizi, wataniua."

Tulicheka, hata mimi. Specioza hakucheka. Alikuwa mjamzito, akatembea taratibu hadi kwenye lundo, akaweka jiwe. Akatazama nyuma. Mimi nilikuwa kando ya lori, nikikaza kamba ya msalaba, nadhani alifikiri simwoni. Akaokota jiwe lingine upesi, akaliweka kando ya lile la kwanza, midomo ikimchezacheza.

Nikaiacha kamba.

"Specioza."

"Bee, dada."

"Hilo la pili ni la safari gani?"

Akashika tumbo. "La mtoto."

"Mtoto aliye tumboni hawekewi jiwe. Unajua hivyo kama mimi. Hujapita hapa tangu siku ile, na siku ile uliniambia uliweka."

Specioza akaanza kulia.

"Mvua ilikuwa inakuja, dada. Shadrack alisema tukisimama tutakuta mto umejaa. Shemeji alilipiga paa la gari kwa ngumi. Aliita, 'Simama! Mawe!' Aliendelea kulipiga mpaka..."

"Spe, nyamaza," Shadrack akasema.

"Si wewe uliyesema watakufunga? Si wewe uliyesema yule ni mtu wa kuja, hakuna atakayemuulizia?"

"Mimi je?" nikamwambia Shadrack. "Mimi sikumuulizia?"

Alikuwa anaangalia matairi ya gari lake.

Nililichukua lile jiwe la pili. Nikamfungua mdogo wangu kiganja, nikamwekea humo, nikavikunja vidole vyake juu yake.

"Hili halikai hapa. Utalibeba."

Kisha nikarudi kwenye lori. Kasimu alikuwa ameshapanda, akanishushia msalaba bila kuulizwa. Makoye akachimba kwa panga lake.

"Na wazee je?" akauliza huku anachimba.

"Waje wamuulize mke wake."

"Na sisi tutawaambia tulichosikia," Kasimu akasema.

Tuliusimamisha kando ya lundo, jina la Celestin likitazama barabara, nasi tukaukaza kwa mawe. Nikaweka langu. Nikateremka kwa miguu, na kule chini sikupanda tena gari. Lori lilipunguza mwendo ubavuni mwangu, nikaendelea kutembea hadi likaenda zake. Wazee hawakuung'oa msalaba.

Specioza alijifungua mtoto wa kike. Nilikwenda kwao mtaa wa Shanwe na sabuni na kanga, kwa sababu mtoto hana kosa. Jiwe nililiona kwenye mlango wa jikoni, limewekwa chini kuuzuia mlango usijifunge. Akaniona ninavyolitazama.

"Karibu chai, dada."

Nikamwambia nimeshakunywa.